Besi la moyoni linapopelekwa sokoni

KATIKA kila nyumba kuna kitu ambacho mgeni hukiona ni chombo tu, lakini wenyeji wanakijua kwa historia yake. Kwa mmoja ni cherehani ya marehemu mama. Kwa mwingine ni redio ya mbao, au mashua iliyopewa jina kama mtoto. Leo tuzungumzie chombo ambacho si wengi walio nacho, lakini aliye nacho hukilinda kama mboni ya jicho lake: gitaa la besi. Tena si besi la kubahatisha, bali lile la daraja la juu, lililopigwa miaka na miaka likazoea vidole vya mwenyewe. Sasa shida imebisha hodi, nalo linatakiwa liuzwe.

Tuseme unakaa Kizingitini, kijiji cha wavuvi kilicho kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Pate, katika Lamu. Kusi imeingia, bahari imechafuka, na wanaozamia kamba wamekaa barazani wakitazama mawimbi. Barua ya karo ya muhula wa pili iko mezani, na mtoto anasoma shule ya bweni huko bara. Mama watoto ameshauza kile kilichokuwa cha kuuzwa. Nyuma ya kabati, ndani ya sanduku lake jeusi, limelala besi ulilopigia harusi za Faza, Mbwajumwali na Tchundwa tangu ungali kijana.

Utafanyaje? Je, utaliuza? Kwa nani, kwa bei gani, na kwa njia ipi usije ukajuta? Hata kama wewe unakaa Buruburu au Tudor na hujawahi kushika gitaa, soma tu. Siku moja kitu chako cha moyoni nacho kitaingia sokoni.

Besi limefikaje kisiwani?

Watu wa Lamu hawakuanza jana kujua thamani ya ala. Siwa ya pembe ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu, ambazo zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Lamu, zilikuwa alama za enzi na heshima, zikipulizwa katika sherehe kubwa. Masimulizi ya Pate yanamtaja Mwana Darini, mwanamke wa jamaa ya watawala, aliyenyimwa siwa kwa ajili ya sherehe ya mwanawe. Hakulia akanyamaza. Alimtafuta fundi akamchongea siwa nyingine. Unaona basi kwamba tangu zamani, ala katika visiwa hivi ni zaidi ya mti na pembe.

Besi la umeme lilikuja baadaye sana. Kabla yake, sauti nzito ya taarab ilitoka kwenye besi kubwa la kusimama, lenye umbo la fidla lakini linalomzidi mtu kimo. Huko Unguja, vikundi vikongwe kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka wa 1905, na Culture Musical Club, vimeendelea kulitumia. Sasa fikiria kulipakia dude hilo kwenye mashua!

Mwaka wa 1951, Leo Fender wa Fullerton, California, alileta besi la umeme aliloliita Precision. Lilikuwa jepesi, mtu aliweza kulivaa begani, na shingoni lilikuwa na vyuma vya kuonyesha pahali pa kubonyeza ili sauti itoke sawasawa. Ndiyo maana akaliita hivyo, maana yake usahihi. Mwaka wa 1960 akalifuatisha na ndugu yake, Jazz Bass. Mengi ya mabesi unayoyaona leo yamefuata ramani ya hayo mawili.

Kwetu Afrika Mashariki, besi likawa uti wa mgongo wa muziki wa dansi. Usikilizapo Sina Makosa ya Les Wanyika, wimbo uliovuma tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, mguu wako unalifuata besi la Tom Malanga kabla sikio halijashika maneno. Huko Mombasa, vikundi vya taarab navyo vikalikaribisha. Marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka wa 2016, alipiga udi wake huku nyuma yake besi la umeme likishikilia mwendo. Kwa hiyo besi kuwako Kizingitini si ajabu. Ni mtoto wa njia hiyo.

Je, ni lako peke yako?

Kabla hujatamka bei, jiulize swali hili. Wapenda taarab wanajua kwamba katika vikundi vingi kuna "mwenye vyombo". Huyu ndiye aliyenunua ala, na wapigaji hupewa tu kuzitumia. Pengine pia besi lilinunuliwa kwa mchango wa kikundi, au lililetwa na ndugu aliyekuwa akifanya kazi Uarabuni akasema, "Hili ni la vijana wa kijijini." Miaka ikapita, kikundi kikavunjika, na besi likabaki kwako kwa sababu wewe ndiwe uliyekuwa ukilipiga.

Kukaa na kitu si kukimiliki, msomaji. Waite wenzako waliobaki, mzungumze kabla mnunuzi hajafika. Kama wana fungu lao, lijulikane mapema. Bora mabishano ya barazani leo kuliko kesi mbele ya chifu kesho, wakati pesa zimeshalipa karo.

Nyumbani nako usinyamaze. Wapo wanaume ambao huuza kitu kimyakimya, kisha wakashangaa mtoto akilia. Pengine kijana wako wa pili amekuwa akilifungua sanduku hilo wewe ukiwa baharini. Mwambie kwa nini linauzwa. Mtoto akielezwa hufahamu, lakini akifichwa huweka kinyongo.

Jua unachouza

Jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa halitoshi. Fender wenyewe wamekuwa na mabesi yaliyotengenezwa Marekani, yaliyotengenezwa Japani kuanzia mwaka wa 1982, na yale ya Mexico, mbali na yale ya bei nafuu yanayoitwa Squier. Yote yanaweza kufanana kwa macho ya mtu apitaye, lakini bei zake zimeachana kama Lamu na Nairobi. Aidha, kuna ya bandia ambayo yamebandikwa jina tu.

Tafuta nambari ya kiwandani. Kwenye mabesi ya Fender ya zamani huwa imepigwa kwenye kibati kilicho nyuma, pale shingo inapoungana na mwili. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 ilihamia kichwani. Iandike kwenye daftari. Piga picha ya nambari hiyo, ya mbele, ya nyuma, na ya kila mkwaruzo. Kama stakabadhi ya ununuzi ingalipo, hata iwe imeliwa na mende, ni mali. Picha ya zamani inayokuonyesha ukilipiga harusini nayo ni ushahidi.

Usidhani haya ni mambo ya urasimu. Paul McCartney wa Beatles alinunua besi la Höfner mjini Hamburg mwaka wa 1961. Mwaka wa 1972 liliibwa London, na kwa zaidi ya miaka 50 hakuliona tena. Watu walipoanza kulitafuta kwa bidii, wakiuliza huku na huko, lilipatikana, na habari za kurudi kwake zikatangazwa Februari 2024. James Jamerson, mpigaji wa studio za Motown huko Marekani, hakubahatika hivyo. Besi lake la mwaka wa 1962 liliibwa muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka wa 1983, wala halijajulikana liliko. Mnunuzi mwenye akili atataka kujua kwamba hanunui kilio cha mtu. Mwonyeshe karatasi, na shaka itamtoka.

Chumvi haina huruma

Aishiye kisiwani anajua kwamba upepo wa bahari hula kila kitu: bati, kufuli, hata miwani. Besi nalo lina chuma tele. Likague mwenyewe kabla mnunuzi hajalikagua.

Kwanza, nyuzi nne. Zikiwa na kutu, zibadilishe ikiwa unaweza. Kumbuka hata hivyo kwamba nyuzi kuukuu si aibu kwa kila mtu. Jamerson huyo huyo alijulikana kwa kutopenda kubadilisha zake. Pili, tazama vyuma vya shingoni. Vikiwa vimechimbika chini ya nyuzi, fundi atavisawazisha au kuviweka vipya, na hiyo ni gharama ambayo mnunuzi ataikata kwenye bei.

Tatu, shingo yenyewe. Nyuzi za besi zikikazwa huivuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70. Ndani ya shingo mna chuma kirefu cha kuizuia isipinde. Lishike besi kama mtu anayelenga bunduki, uangalie kutoka upande wa mwili kuelekea kichwani. Ukiona limejikunja kama upinde, mpelekee fundi anayejua. Usikaze chuma hicho kwa kubahatisha, maana kikikatika umeharibu besi zima.

Nne, umeme wake. Zungusha vifundo vya sauti huku besi likiwa limeunganishwa kwenye amplifaya. Ukisikia mkwaruzo kama mchanga, huenda ni vumbi na kutu ndani ya vifundo, na mara nyingi husafishika. Ukisikia mngurumo usiopungua hata unapogusa nyuzi, inawezekana waya wa chini umeachia. Matengenezo kama hayo ni madogo, lakini yasipofanywa humtia mnunuzi hofu kubwa.

Lakini usipake rangi mpya! Wengi hukosea hapa. Wanadhani besi ni kama mashua, likipakwa rangi litapendeza. Kwa besi la daraja la juu, rangi ya kiwandani iliyochubuka ina thamani kuliko rangi mpya ya dukani. Futa vumbi na jasho, ukaachie hapo.

Bei tatu

Kila kitu cha moyoni kina bei tatu. Ya kwanza ni bei ya moyo, na hii haina mwisho. Ndani yake mna usiku wa harusi ya dada yako, mna marafiki waliokwisha kufa, mna ujana wako. Ya pili ni bei ya shida, nayo ni ile ambayo mtu huitaja shule ikikaribia kufunguliwa. Ya tatu ni bei ya soko. Dukani mnunuzi hulipa ya tatu tu, lakini akiinusa ya pili ataishikilia.

Utaijuaje bei ya soko? Anza na ile ya kitu kipya. Precision mpya iliyotengenezwa Marekani ilikuwa ikiuzwa huko kwa zaidi ya dola 1,500 mwaka wa 2024. Kwa kadiri ya Sh130 kwa dola, hiyo ni zaidi ya Sh195,000, kabla ya usafiri na ushuru. Lako limetumika, kwa hiyo litashuka. Litashuka kiasi gani, hutegemea umri, hali, na mahali lilipotengenezwa. Likiwa ni la miaka ya 1960 na halijabadilishwa kitu, huenda likapanda badala ya kushuka. Kwa hiyo usikubali bei ya kwanza. Waulize angalau watu watatu: fundi wa magitaa, mpigaji wa bendi, na mwenye duka la ala Mombasa au Nairobi. Ukimtumia dalali, mkubaliane fungu lake kabla hajalibeba.

Kisha angalia kalenda. Mwezi wa Ramadhani harusi husimama na vikundi vya taarab hupumzika. Ukiuza wakati huo, unauza mwavuli wakati wa kiangazi. Baada ya Idi, Mfungo Mosi unapoingia na kadi za harusi zikaanza kugawanywa, wapigaji hutafuta ala. Ikiwa karo yaweza kulipwa kwa awamu, zungumza na shule mapema. Mwezi mmoja wa subira waweza kuokoa maelfu ya shilingi.

Pengine hata huhitaji kuuza. Je, kuna kikundi kinachoweza kulikodi kwa msimu mzima wa harusi? Piga hesabu: msimu mmoja utaleta kiasi gani, na karo ni ngapi? Jibu likitosha, besi litarudi nyumbani. Lakini jihadhari na kuliweka rehani kwa riba. Wengi walioweka mali rehani walilipa riba hadi ikapita deni, na mali isionekane tena.

Mnunuzi amefika

Haya, mnunuzi ni kijana kutoka Malindi. Ameketi barazani, amepewa kahawa chungu na tende. Ameligeuza besi, akalipiga, macho yamemtoka. Kisha anasema, "Ami, mwisho wako ngapi?"

Mwambie aibu ya bidhaa kabla hajaiona. "Mwanangu, kifundo hiki kilibadilishwa, si cha kiwandani. Na hapa chini mbao zimechubuka, liliangushwa jetini." Utaona ajabu: badala ya kukimbia, atakuamini kwa yale mengine. Aliyefichwa kasoro moja hudhani zimefichwa kumi.

Kuhusu pesa, usiwe na haya. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, biashara za mbali zimekuwa rahisi, lakini walaghai nao wamejifunza. Ujumbe wa simu kwamba umelipwa si pesa. Angalia salio lako mwenyewe kwenye simu yako mwenyewe kabla besi halijavuka kizingiti. Wala usimrudishie mtu anayedai kwamba "amezidisha kwa bahati mbaya" hadi umehakikisha kwamba pesa hizo zimeingia kweli.

Mkimalizana, andikeni karatasi mbili. Katika kila moja pawe na majina, nambari za vitambulisho, nambari ya besi, kasoro zilizotajwa, bei na tarehe. Shahidi mmoja atie sahihi. Karatasi hiyo itamfaa yeye askari akimuuliza njiani, na itakufaa wewe kijana akirudi baada ya miezi sita akidai kwamba hakuambiwa.

Safari ya bahari na bara

Kutoka Kizingitini hadi Mokowe ni safari ya maji, na mkondo wa Mkanda hupitika vizuri maji yakiwa yamejaa. Panga safari kwa bamvua na maji mafu kama unavyopanga uvuvi. Legeza nyuzi kidogo, usizitoe zote. Funga kichwa na shingo kwa kanga kuukuu ndani ya sanduku ili visichezecheze. Kisha funika sanduku zima kwa karatasi ya nailoni, kwa kuwa tone moja la maji ya chumvi likiingia kwenye umeme wake, bei uliyokubaliana itakuwa hadithi. Kwenye basi la Mombasa, besi likae juu ya kiti, si kwenye buti chini ya magunia.

Ikiwa mnunuzi yuko nje ya nchi, jueni habari za mbao. Mpingo wetu na jamii yake yote ya Dalbergia, ambayo hutumiwa kwenye shingo za magitaa, iliwekwa chini ya ulinzi wa mkataba wa CITES kuanzia Januari 2017. Ala zilizokamilika zikaondolewa kikwazo hicho kwa sehemu kubwa mwishoni mwa mwaka wa 2019, lakini ile ya Brazili ingali imekazwa vikali tangu 1992, na baadhi ya magitaa ya zamani yanayo. Kabla hujatuma, uliza wahusika wa wanyamapori na forodha.

Na moyo je?

Tumesema mengi ya nyuzi na shilingi, lakini najua linalokusumbua si hilo. Usiku, watu wakilala, utaliwaza besi. Utajiona kama aliyeuza sehemu ya jina lake, maana kijijini watu hawakukuita kwa jina la baba yako. Walikuita kwa ala yako.

Fanya mambo mawili kabla halijaondoka. La kwanza, mfundishe mtu. Ikiwa mwanao au kijana wa jirani anapenda, mpe mwezi huo mmoja wa kusubiri. Mwonyeshe jinsi besi linavyosubiri ngoma, jinsi linavyonyamaza mwimbaji anapovuta pumzi. Chombo kitakwenda, ujuzi utabaki, nao haudaiwi ushuru Mokowe.

La pili, pesa zifanye kazi uliyozikusudia, tena upesi. Nenda nazo moja kwa moja hadi benki ukalipe karo, urudi na stakabadhi. Pesa za kitu cha moyoni zikikaa mfukoni huliwa na chai, deni la duka na mgeni asiyetarajiwa. Halafu mtu anabaki bila besi na bila karo, na huyo ndiye ajutaye kwa haki. Lakini mzazi aliyeuza besi, mtoto akasoma, hana sababu ya kuona haya. Siwa ya Mwana Darini nayo iligharamiwa kwa ajili ya mtoto.

Basi, mpenzi msomaji, iwe ni besi, cherehani au mashua, uza kwa macho mawili: moja likitazama bei, lingine likitazama kilichokufanya uuze. Na ukipita mahali siku moja ukasikia besi lako likinguruma mikononi mwa kijana mwingine, usigeuze uso. Simama usikilize. Kama analipiga vizuri, uliuza kwa mtu sahihi.